Kwa Manka, kuhusu mbwa wa kwenye kisanduku

Manka mwanangu,

Tangu nijue kuandika, hii ndiyo barua ya kwanza ninayoianza bila kujua nitamshambulia nani. Baba yako yuko uani anakufungia ndizi kwenye kiroba, kana kwamba Nairobi watu wanakula mawe. Shangazi yako, atakayekusindikiza hadi mpakani Tarakea, ameshakupa maagizo yote ya kufua, kula, kusali na kuchagua marafiki, nami nilikuona ukiitikia "ndiyo shangazi" huku macho yakitafuta soksi. Sitaongeza hata agizo moja. Nina jambo moja tu, na taabu ni kwamba silielewi vizuri. Ni lile la mbwa.

Nitaanza kwa kurudia ulivyonifundisha. Unalijua kuliko mimi, lakini nimeshika chaki miaka mingi, najua kwamba mtu hajaelewa kitu mpaka aweze kumweleza mwingine. Nikikosea, ucheke ukiwa safarini.

Kisanduku ulichokitengeneza kwenye karakana ya Bwana Harjit pale Njoro, mjini, kazi yake ni kuendesha pampu yetu ya kijiji. Maji yakiwepo kwenye chemchemi na tangi la juu ya kanisa likiwa halijajaa, kinawasha. Tangi likijaa, au chemchemi ikipungua, kinazima. Mwanzoni kilifanya kazi vizuri mpaka watu wakasahau kwamba kipo. Kisha umeme wetu huu wa kwenda na kurudi ukaanza vituko, na kisanduku kikawa kinaduwaa. Taa inawaka, lakini ndani hakuna mtu. Pampu inazunguka bila maji hadi inanuka, na baba yako anapanda mbio kukata umeme.

Jikoni, tukimenya ndizi za mtori, ndipo uliponieleza dawa yake.

"Ndani ya chipu kuna saa ndogo, mama. Inahesabu kurudi nyuma. Programu ikiwa macho, inaigusa kabla haijafika sifuri, nayo inaanza kuhesabu upya. Programu ikiduwaa, hakuna wa kuigusa. Saa ikifika sifuri inakata kila kitu na kukiwasha kisanduku upya. Wenyewe wanaiita mbwa wa ulinzi."

"Mbwa gani anayemng'ata mwenye nyumba?"

"Anamng'ata akisinzia tu."

"Basi huyo si mbwa. Huyo ni mkuu wa shule."

Ulicheka mpaka kisu kikakuponyoka. Nilifurahi siku ile, nikidhani nimeelewa.

Kulikuwa na kipande ambacho mimi sikukielewa na wewe hukukiona. Kabla ya programu kubwa kuamka, kuna programu ndogo inayoamka kwanza. Uliiita mwamshaji. Mwamshaji anaangalia kama kuna mtu amechomeka waya analeta programu mpya. Yupo, anaipokea. Hayupo, anaiamsha programu kubwa na kuiachia nyumba. Huyo mwamshaji ulimwandika zamani, kabla hujamfikiria mbwa. Kisha ukamfungua mbwa awe macho tangu umeme unapoingia, asilale kabisa, na hakuna aliyemwambia mwamshaji kwamba nyumbani sasa kuna mbwa.

Ikaja siku ya kubadilisha programu mbele ya kamati ya maji. Ukachomeka waya. Mwamshaji akafuta programu ya zamani, akaanza kuipokea mpya polepole, kwa uangalifu, kama ulivyomfundisha, wala hakumgusa mbwa, maana hamjui. Mbwa akangoja, akachoka, akauma. Kila kitu kikazima na kuwaka upya. Programu ya zamani imeshafutwa, mpya haijafika nusu, na mwamshaji anaanza tena mwanzo, anaumwa tena. Niliitazama ile taa ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika, kama mtoto anayezabwa kofi kila anapofumbua macho. Kule karakana hukuwahi kuliona hilo, kwa sababu pale mezani ulikuwa unaingiza programu kwa kifaa kinachoishika chipu moja kwa moja, mwamshaji hahusiki. Umeona? Nimesoma. Mwalimu naye husoma akiona aibu ya kutosha.

Ukakichomoa kisanduku ukashuka nacho Njoro. Swichi ya zamani ya pampu tulikuwa tumeshaiondoa kwa maringo ya kisasa, basi kijiji kizima kikarudi kuchota kwenye mfongo, mfereji wetu wa asili, maji yaliyopita kwanza kwenye vihamba, mashamba ya migomba ya watu, na miguu ya ng'ombe.

Sasa nifike pale kwenye uwanja wa kanisa. Ulikuwepo, lakini hujui palivyoonekana kutoka ndani ya kichwa changu. Misa imekwisha, akina mama wamekuja na ndoo zao makusudi ili zionekane. Mzee Aloisi, mwenyekiti wa kamati, amesimama mbele na ufunguo wa nyumba ya pampu umening'inia shingoni kama skapulari. Huyo ndiye aliyependekeza tuikodishe pampu kwa mfanyabiashara wa Pasua huko mjini, nami nilimpinga kwenye kikao na nikampinga gazetini. Basi nilipomwona, kila kitu kikajipanga chenyewe. Ana ufunguo. Anataka pampu ionekane imetushinda. Kisanduku kimekufa. Wewe uliyesoma hesabu unajua raha ya vitu vitatu vinapokaa kwenye mstari. Nami nilikuwa na raha hiyo, Manka. Nilisimama nikiwa nayo.

"Kisanduku hakifi chenyewe," nikasema. "Kimeuawa. Na muuaji amevaa ufunguo shingoni."

"Mama Manka," akasema yule mzee, "mimi hata redio nawashiwa na mjukuu."

Watu walicheka, na kicheko ndicho kilichoniharibu. Nilimwita dalali wa chemchemi ya babu zetu. Nilisema soko huria halikuja na meli, lilikuja na watu kama yeye, wanaofungua mlango wa nyuma usiku. Maneno mazuri. Hata sasa nikiyaandika nayaona mazuri. Hayakumhusu.

"Mama, kaa," ulisema. Kisha ukawageukia watu. "Hakuna aliyekigusa. Ni kazi yangu. Niliweka mbwa, nikasahau kumwambia mwamshaji."

Bibi mmoja wa nyuma akauliza, "Kuna mbwa kwenye maji?" na mkutano ukaishia hapo.

Tulipofika nyumbani nikakuita msaliti, nikakuuliza kama nilikusomesha ili uje univue nguo mbele ya parokia nzima. Ukanijibu bila kupandisha sauti: "Nilikufunika, mama. Ungeendelea ungebaki uchi." Tangu siku hiyo mimi na wewe tunazungumza habari za chumvi. Chumvi imekolea, chumvi haijakolea. Na kesho unaondoka.

Ningependa kukuambia kwamba siku ile ilikuwa bahati mbaya. Lakini nimekaa nikakumbuka Tarakea.

Nilipokuwa na umri wako, mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa. Nilikuwa mwalimu mpya, nimejaa vitabu hadi kooni. Nilisimama darasani nikawaambia watoto kwamba ng'ambo ya Tarakea wanaishi manyang'au, watu wanaolana wenyewe kwa wenyewe. Niliamini. Nusu yake naiamini hadi leo, hasa nikikumbuka kesho unaenda wapi. Jioni nikirudi nyumbani nilioga kwa sabuni ambayo bibi yako aliivusha kutoka kwa manyang'au haohao, ameifunga kiunoni chini ya khanga. Madukani kwetu sabuni ilikuwa hadithi. Siku moja nikamwambia bibi yako kwamba anaitia nchi aibu. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Basi kesho fundisha ukiwa mchafu," akasema.

Nilifundisha nikiwa safi. Sikuwahi kumwomba radhi, na sijui kama nilipaswa. Nchi ilikuwa na shida za kweli, na kulikuwa na walanguzi wa kweli. Yeye tu hakuwa mmoja wao.

Halafu milango ikafunguliwa, maduka yakajaa sabuni za kila rangi, nami nikaanza kupigana na maduka. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaja na mizani zao hadi mlangoni, nikaandika kwamba watatumaliza. Baba yako akasoma makala, akaikunja, akawauzia kahawa. Mwaka ule ukaenda shule kwa pesa hizo. Mwaka uliofuata bei ikaanguka, nikaandika "niliwaambia", na baba yako akaenda kupalilia. Nani alikuwa sahihi? Nimesoma vitabu vya pande zote mbili na kila upande una hakika. Mimi pia nilikuwa na hakika kila mara. Hilo ndilo linalonichanganya. Nikitazama nyuma siwezi kutenganisha siku nilizobweka kwa sababu ya mwizi na siku nilizobweka kwa sababu ya upepo. Sauti ilikuwa ileile.

Uliporudi na kisanduku kutoka Njoro, ulimweleza baba yako ulivyokitengeneza. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nimeacha kupepeta mahindi ili nisikie, nikitumaini mtadhani nimetoka.

"Sasa mwamshaji anamjua mbwa," ulisema. "Akipokea programu mpya, kila fungu likiingia anamgusa. Lakini kabla ya yote, akiamka tu, anajiuliza swali: nimeamka kwa sababu umeme umeingia, au kwa sababu nimeumwa?"

"Chipu inaweza kujua hilo?"

"Inabaki na alama, baba. Ni kuitazama tu kabla hujaifuta."

"Na kama ameumwa?"

"Anakumbuka. Akiumwa tena na tena kabla ya kuifikia programu kubwa, anaacha kujaribu. Anazima pampu, anawasha taa nyekundu, anasubiri mtu."

Baba yako akasema, "Huyo ana akili kuliko mama yako."

Mkacheka kwa sauti ya chini, ile ya watu wanaojua kwamba kuna mtu nyuma ya ukuta. Nilitaka kutoka niwajibu. Nikabaki na ungo mkononi. Swali lile lilikuwa limenishika: nimeamka kwa sababu gani? Umri huu wote, na maktaba yote hiyo, sijawahi kujiuliza swali hilo kabla ya kushika kalamu.

Hata hivyo sikutulia. Wiki ile nilishuka Njoro kwa Bwana Harjit. Kwako nilisema naenda kununua mbegu. Nilikwenda kumgombeza, kwa sababu ni yeye aliyemwandikia binamu yake wa Nairobi kuhusu wewe, na binamu ndiye aliyekupa kazi ya kutengeneza visanduku vya pampu za watu wengine. Alikuwa ameinamia mota, kilemba kimejaa vumbi la shaba.

"Mama Manka," akasema, "tugombane kabla ya chai au baada?"

"Kabla."

"Basi anza, maji hayajachemka."

Nikasema yote. Kwamba tunazaa, tunasomesha, na mtoto akishajua kushika kitu anachukuliwa, kama kahawa yetu, inaondoka mbichi na kurudi kwenye kopo. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana amezaliwa palepale mjini na anajua kwamba Mchaga akikatizwa huanza tena mwanzo. Kisha akanimiminia chai.

"Umemaliza?"

"Nina swali. Kwa nini asimtoe tu huyo mbwa? Kisanduku kilikaa bila mbwa, na mwamshaji hakuwa na shida."

"Ukimtoa, siku programu ikisinzia, pampu inaungua. Mbwa hana kosa, na mwamshaji hana kosa. Waliwekwa nyumba moja bila kujulishana."

"Sasa nani ana kosa?"

"Mama, wewe lazima upate mtu," akasema, akacheka. "Kunywa chai."

Nilikunywa. Nilirudi bila mbegu, na wewe hukuniuliza.

Sasa nikuambie ya leo. Unayajua masale, ile mimea ya mpakani mwa kihamba chetu. Unajua pia nilivyowahi kuandika dhidi yake: kwamba desturi ya kumpelekea jani la sale uliyemkosea, naye asiweze kulikataa, ni njia ya mwoga kukwepa kusema kosa lake kwa mdomo. Niliandika kwamba jani haliwezi kuwa mahakama. Leo mchana, shangazi yako akiwa katikati ya maagizo ya kufua, nilitoka nikachuma moja. Njiani nilijaribu kuandaa maneno ya kwenda nalo, na kila sentensi ikatoka na "lakini" katikati. Basi nikaelewa kwa nini wazee walichagua jani. Jani halina lakini.

Nilimkuta Mzee Aloisi anamkatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, meku," nikasema, kama tunavyowaita wazee wetu.

"Marahaba. Umekuja na jani au na makala?"

Nikalitoa nyuma ya khanga. Akaliangalia, hakunyoosha mkono.

"La nani?"

"Langu. La siku ile ya kanisani."

"La siku ile lilishafika." Akanionyesha juu ya mlango wake. Lilikuwa limechomekwa pale, limekauka, limejikunja. "Mwanao alileta jioni ileile. Akasema ni la mama yake, mama leo hajiwezi."

Sikujua niweke wapi uso wangu.

"Basi pokea na hili."

"Hapana, mama. Kosa moja, sale moja. Ukitaka nipokee la pili, nitukane tena."

Kisha akavua ufunguo shingoni, akanivika mkononi kama bangili. Akasema wewe ndiye uliyeshauri. Taa nyekundu ikiwaka, anatakiwa mtu atakayekata umeme na kumwita Bwana Harjit bila kuona haya kupiga kelele, na kamati nzima ikakubali kwamba mtu huyo hakuna haja ya kumtafuta mbali.

Nilirudi na ufunguo mkono mmoja na jani mkono mwingine. Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena. Nani alikutuma kuniombea radhi? Ulifanya hivyo jioni ileile niliyokuwa nimekuita msaliti, nawe hukusema neno, ukaendelea kuniuliza kama chumvi imekolea. Niliwaza kwamba umenidharau. Nilipofika kwenye mgomba wa kwanza wa kihamba chetu niliwaza kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniheshimu namna hiyo. Nilipofika mlangoni sikujua tena nawaza nini, na bado sijui. Ningeweza kukuambia kwamba nimepata jibu, lakini ungelitambua. Wewe unazijua sauti zangu.

Ninachokijua ni kidogo. Nilikuwa nimepanga kukuamuru upige simu kila Jumapili pale dukani, na usipopiga nipande basi nije. Nimeliondoa hilo. Kisha nikalirudisha. Kisha nikafikiria: mbwa asiyejua kwamba mtu anapokea kitu kipya polepole, fungu kwa fungu, anayeuma tu kwa kuwa hajaguswa, huyo namjua, ndiye mama yako. Ulipotaka kuacha masomo ya ualimu niliyokuchagulia, nilikuuma. Uliporudi ukaanza upya ufundi, bado hujafika nusu, nikakuuma. Sikuuliza kama unaduwaa au unajifunza. Kwa nje taa ni ileile. Lakini Bwana Harjit naye amesema ukimtoa mbwa pampu inaungua, na wala sitaki uungue ukiwa Nairobi mimi nikiwa nimejifunza kunyamaza. Sasa nifanyeje? Nimekuandikia kurasa zote hizi na hapo ndipo nilipokwama.

Labda tufanye hivi. Niguse unapoweza. Nitangoja zaidi kuliko nilivyozoea. Na siku ikitokea unaumwa tena na tena na huifikii kazi uliyoiendea, usiendelee kujaribu kwa ajili ya fahari yangu. Fanya ulivyokifundisha kisanduku. Zima pampu, washa taa nyekundu, subiri mtu. Nitakuja, mpaka wa Kenya uwe umefungwa au umefunguliwa. Na nikifika, kabla sijasema lolote, nitakuuliza kwanza ni nini kilichokuamsha.

Jani nimeliweka ndani ya bahasha. Sijui kama mzazi humpelekea mwanawe sale. Nimemuuliza baba yako, anasema hajawahi kuona, wala hajasikia kwamba ni mwiko, kisha akaendelea kufunga ndizi. Bibi yako alipita Tarakea na sabuni kiunoni akanyamaza. Wewe huna haja ya kuficha. Wakikupekua pale mpakani wakataka kujua jani hili ni la nini, waambie ukweli, kwamba mama yako amekukosea.

Mama